Kipande Kimoja cha Keki ya Nakijwa

Sogeeni. Wa nyuma waje mbele, wanaocheka wamalizie kucheka. Nina watu wazima watatu, msichana mmoja na kipande kimoja cha keki. Nitawasimulia kama ilivyokuwa, bila kumpunguzia mtu wala kumwongezea. Kugawa nitawaachia nyinyi.

Wa kwanza ni Elifuraha Senkondo, mkulima wa tangawizi katika milima ya Upare. Ndiye baba yake Nakijwa. Karama yake ilikuwa neno. Neno lake likishatoka halikurudi. Akisema kesho tunapalilia, hata mvua ya mawe ingeyakuta majembe shambani. Watu walimheshimu kwa hilo, na mbwa wake pia.

Wa pili ni Bibi Namsifu, mama mzaa mama wa Nakijwa, aliyekaa bondeni, chini kidogo ya kanisa. Karama yake ilikuwa huruma. Nyumbani kwake hapakuwa na kosa. Kuku akiingia jikoni, Bibi alimwomba radhi kwanza ndipo akamtoa.

Wa tatu ni Shangazi Navoneiwa, dada yake Elifuraha, fundi cherehani pale gulioni. Hakujaliwa mtoto. Karama yake ilikuwa kuuliza na kungoja. Zingatieni hapo: kuuliza na kungoja. Wanaouliza ni wengi. Wanaongoja jibu mnaweza kuwahesabu.

Na msichana mwenyewe? Nakijwa alikuwa mtoto wa makelele. Mama yake alipokuwa hai, saa ya chakula ikifika, Nakijwa alipanda juu ya jiwe nyuma ya nyumba akaita, "Babaaa! Makande yameiva!" Na kutoka mteremko wa pili, Elifuraha aliitika, "Naaam!" Mlima mzima ulijua kwa Senkondo wanakula nini.

Kisha mama akafariki, Nakijwa akiwa darasa la sita. Katika wiki zile za msiba, sikio lake la kushoto liliuma, likatoa usaha. Lakini nyumba imejaa waombolezaji, kuna wageni wa kutafutiwa pa kulala na vyungu vya kuazima. Nani angeuliza habari za sikio? Likakauka kwa nje. Ndani likafa, naye hakumwambia mtu. Kwenda juu ya jiwe kuita aliacha, na kila mtu alidhani ni huzuni.

Sasa nieleze jambo la kule kwao, maana bila hilo hamtaelewa. Huko Upare maji ya mifereji hukusanywa usiku katika bwawa liitwalo ndiva. Asubuhi hufunguliwa, na watu hupewa kwa zamu. Mgawa maji husimama juu ya ukingo akaita jina la nyumba. Mwenye zamu huitika kutoka shambani kwake na kufungua mfereji wake. Akiitwa, akaitwa tena, asiitike, maji hupewa anayemfuata, naye hungoja mzunguko mwingine. Hakuna kulalamika. Mlimani, kuitika ndiko kumiliki.

Msimu mmoja wa kiangazi, tangawizi ikiwa ndiyo kwanza inachipua, Elifuraha alikwenda kwenye mazishi akamwachia Nakijwa zamu. Nakijwa alikuwa ndiyo kwanza ameanza kidato cha kwanza. Akaenda mapema, akainama kusafisha mdomo wa mfereji. Alivyoinama, sikio la kushoto ndilo lililoelekea juu, kwenye ndiva. Jina la Senkondo likaitwa. Likaitwa tena. Baba aliporudi alikuta mfereji wake mkavu, maji yanachekelea shambani kwa Mgonja, aliyemfuata kwa zamu.

"Uliitwa?"

"Sikusikia, baba."

"Hukusikia! Mlima mzima umesikia. Ng'ombe wa Mgonja wamesikia. Wewe peke yako ndiye hukusikia?"

"Baba, mimi siku nyingi..."

"Nyamaza. Asiyeitika hana la kusema. Katika nyumba hii utasema siku ukiwa na jibu la maana."

Nakijwa akanyamaza.

Msisahau huyu ni mtoto wa nani. Alikuwa amejifunza kwa baba yake kwamba neno halirudi. Akaambiwa nyamaza, akanyamaza kweli. "Shikamoo" alitoa, "ndiyo" na "hapana" alitoa, kwa sababu hayo ni adabu. Mengine yote akayafungia ndani.

Na shuleni je? Alipangiwa kiti cha pembeni, ukuta ukiwa kuliani mwake. Kwa hiyo sikio zima lilisikiliza ukuta, na lile lililokufa ndilo lililofundishwa. Mwalimu akieleza hesabu, Nakijwa aliona mdomo unacheza. Akiulizwa, alitazama chini. Wenzake wakamwita Bi Kimya. Mwalimu wa hesabu alimsimamisha siku moja akamwuliza, "Nakijwa, umekuja na ulimi leo, au umeuacha nyumbani ukichunga mbuzi?" Darasa likacheka. Naye akatabasamu, maana aliona watu wanacheka na hakujua sababu.

Alama zake zikateremka kama mtu aliyekosa kishikio. Mbele kulikuwa na mtihani wa kidato cha pili. Ukishindwa, unarudia darasa. Na Elifuraha alikuwa amekwisha kusema, mbele ya watu, kwamba wa kwake akishindwa, shule basi, atashika jembe. Mnajua neno lake.

Lakini msimwone Elifuraha kama jiwe. Jioni walikula wawili, sahani mbili, taa moja. Alikuwa akitafuna polepole ili apate kusikiliza. Alitamani aulizwe chochote, hata chumvi iko wapi. Mara nyingine aliificha chumvi makusudi. Nakijwa alikula bila chumvi.

Hebu sasa tuone kila mmoja alifanya nini.

Likizo ilipofika, Nakijwa aliteremka kwa Bibi Namsifu. Bibi hakumwuliza habari za alama. Hakumwamsha asubuhi. Akikuta vyombo havijaoshwa, aliviosha mwenyewe akiimba. Kama mnataka kujua ubaya wake, huo hapo: likizo nzima mtoto hakugusa daftari, na Bibi alisema, "Mwacheni, kichwa nacho ni kiungo, kipumzike." Lakini nyumba isiyo na kosa ina kitu chake. Siku moja walikuwa wakipukuchua mahindi, na Bibi alikuwa akimsimulia jinsi babu alivyomposa akiwa na kiatu kimoja kilichoazimwa. Bibi akafika penye kuchekesha, akacheka peke yake.

"Mke mwenza, hucheki? Au unamwonea wivu mume wetu?"

Nakijwa akamtazama mdomo. Kisha akasema, taratibu, "Bibi, hamia upande huu. Upande huo nakuona tu."

Bibi akaacha hindi lake. Hakupiga kelele, hakuuliza kwa nini hakusema mapema. Aliinuka na kigoda chake, akazunguka, akaketi upande wa kulia, akaanza hadithi ya kiatu upya kuanzia mwanzo. Nakijwa akacheka mpaka punje zikamwagika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Usimwambie mtu, Bibi."

"Nimwambie nani? Yako imeingia tumboni, haitoki."

Na haikutoka. Mwezi ukaisha, likizo ikaisha, Bibi akanyamaza nayo. Alikuwa na huruma ya kupokea siri. Huruma ya kuivunja hakuwa nayo.

Shule zilipofunguliwa, sare ya Nakijwa ilikuwa imembana. Baba akampeleka kwa Shangazi Navoneiwa akapimwe. Shangazi alikuwa nyuma yake na utepe shingoni, pini midomoni.

"Inua mkono," akasema kutoka kushoto. Mkono haukuinuka.

"Inua mkono," akasema kutoka kulia. Ukainuka.

Shangazi akapima bega, akapima kiuno, akarudi kushoto. "Nakijwa, kuna mjusi kichwani mwako."

Hakuna kitu. Hata unywele haukutikisika. Shangazi akatoa pini midomoni, akaja mbele, akaketi kwenye kiti cha wateja ili macho yao yalingane.

"Sikio hili lina nini?"

Nakijwa akatazama cherehani. Shangazi hakurudia swali, wala hakumjibia. Mteja akaingia, akaambiwa aje baadaye. Mwingine akachungulia, akaondoka mwenyewe. Mwishowe Nakijwa akasema. Na tuwe waangalifu hapa: alisema kwa sababu lile neno alikwisha kulisema mara moja, kwa Bibi, na nyumba haikuanguka. Neno lililowahi kutoka hujua mlango.

"Halisikii, Shangazi. Na hili lingine limeanza kuwasha. Usimwambie baba."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Atasema ni kisingizio."

"Huenda akasema. Sasa nisikilize. Sitamwambia baba yako nyuma yako. Lakini sitanyamaza, kwa sababu sikio linalowasha halingoji watu wazima wapatane. Chagua. Umwambie wewe nikiwa nimekaa pale, au nimwambie mimi wewe ukiwa umekaa pale."

Nakijwa akafikiri. "Niseme mimi."

Wakaenda jioni ileile, sare ikiwa na pini zake. Elifuraha alikuwa akichambua mbegu za tangawizi. Nakijwa akasimama mbele yake, na Shangazi akakaa mlangoni kama alivyoahidi, hakusaidia hata neno.

"Baba, nina jibu. Siku ile ya maji sikusikia kweli. Sikio langu la kushoto halisikii. Tangu mama."

"Tangu mama," akasema Elifuraha.

Akainuka akatoka. Wakasikia shoka linapasua kuni nyuma ya nyumba, na kuni zilikuwepo tele. Aliporudi hakuomba radhi. Sitawaongopea, hakuomba. Alichukua kiti chake cha mezani, ambacho siku zote kilikaa kushoto kwa Nakijwa, akakihamishia kulia. Akaketi.

"Kesho tunateremka hospitali," akasema.

Daktari alimulika, akapangusa, akamulika tena. "La kushoto limekwenda. La kulia limeanza ugonjwa uleule. Mngesubiri mpaka mvua zipite, mngekuwa na mtoto wa kusoma midomo tu." Akawaeleza: dawa asubuhi na jioni, maji yasiingie kabisa, na kila wiki arudi kusafishwa mpaka yeye mwenyewe aseme basi. "Wazazi huanza vizuri," akaongeza, "wakiona usaha umekauka, siwaoni tena."

"Mimi utaniona," akasema Elifuraha.

Na alimwona. Wiki kwa wiki baba na binti waliteremka mlima, tangawizi ikisubiri kuvunwa, matope yakifika kwenye vifundo vya miguu. Nakijwa alikuwa akilia, maana kusafishwa kule kuliuma. Elifuraha alimshika kichwa kwa mikono miwili akitazama ukutani, asimwachie. Elifuraha alipougua homa, Bibi ndiye aliyempeleka mtoto. Nakijwa alipolia kidogo, Bibi alimwambia daktari, "Basi baba, imetosha, hata Mungu alipumzika," wakarudi na kazi nusu. Mara nyingine aliyempeleka ni Shangazi. Nakijwa akauliza, "Lazima leo?" Shangazi akaanza kumweleza sababu, zote nzuri, na alipokuwa akieleza, gari la kuteremka likaondoka. Tangu hapo Elifuraha alikwenda mwenyewe, hata akiwa na homa.

Alikwenda na shuleni. Akamwambia mwalimu wa darasa, "Mtoto huyu akae ukuta uwe kushoto kwake," akasimama pale mpaka dawati lilipohamishwa. Jioni alikaa kulia kwake na daftari za kuazima kwa wenzake, akimsomea kwa sauti masomo ambayo yeye mwenyewe hakuyafahamu, akiyatamka vibaya. Nakijwa akikosa hesabu, waliirudia. Akilia, waliirudia akiwa analia. Bibi aliwahi kupanda hadi pale kumkaripia mkwewe: "Wewe mwanamume, huyu ni mtoto au ni shamba?" Elifuraha akamjibu, "Mama, shamba hurudiwa mwakani."

Nakijwa alishinda mtihani wa kidato cha pili. Sikio la kulia likapona. Darasani akaanza kunyoosha mkono, kwanza kidogo, kama anayejikuna, kisha mkono mzima. Bi Kimya likageuka jina la utani la kuchekea, maana kufikia kidato cha nne yeye ndiye aliyechaguliwa kusoma risala ya wahitimu.

Hadithi ingeweza kuishia hapo na kila mtu akapiga makofi. Lakini naona nisipowaambia na haya yanayofuata, nitakuwa nimewadanganya.

Bibi Namsifu anatamani likizo zirudi. Mtoto aliyepona ana masomo ya ziada, hashuki bondeni. Kigoda cha pili bado kiko pale, upande wa kushoto wa Bibi, ili Nakijwa akija Bibi awe kulia kwake. Jioni Bibi hukitazama akapukuchua mahindi polepole.

Shangazi Navoneiwa anatamani jina. Kwenye mikutano ya wazazi alihudhuria kila Elifuraha alipozidiwa na shamba, na kwenye daftari la mahudhurio aliandika "shangazi", akaitazama nafasi iliyoandikwa "mzazi" ikiwa tupu. Nakijwa humwuliza kila kitu, hata mambo ya wavulana. Hajawahi kumwita mama, na Shangazi hawezi kuomba hilo. Ni jambo moja ambalo hajui kuliuliza.

Na Elifuraha? Nakijwa humjibu baba yake. Akiulizwa amesoma nini, hujibu vizuri na kikamilifu. Lakini kwa Bibi hutania, kwa Shangazi huuliza, na kwa baba hujibu tu. Hajawahi kumjia akamwambia jambo ambalo hakuulizwa. Jioni, kazi ikiisha, Elifuraha husimama kidogo kwenye mteremko wa pili na jembe begani, uso ukiwa umeelekea kwenye lile jiwe nyuma ya nyumba. Kisha huenda kula bila kuitwa.

Sasa tufike kwenye mahafali.

Mnajua desturi. Mhitimu hukata keki, akachukua kipande kwa kijiti, akamlisha mzazi mbele ya watu wote. Mwaka uliotangulia watu walilisha wajomba, majirani na mpaka dereva wa bodaboda, mvua ikawakuta keki haijafika nusu. Safari hii mkuu wa shule akaweka sheria: kila mhitimu, kipande kimoja, mtu mmoja. Mshereheshaji akaitangaza kwenye kipaza sauti: "Mmoja tu, jamani! Anayetaka kulisha ukoo akaoke yake nyumbani!"

Nakijwa alikuwa amemaliza kusoma risala. Alivaa gauni aliloshonewa na Shangazi, shingoni shada la maua alilovikwa na Bibi, na mkononi alishika karatasi ya risala ambayo baba alimsikiliza akiifanyia mazoezi wiki nzima. Akapewa kijiti na kipande cha keki. Akashuka ngazi za jukwaa.

Wale watatu walikuwa benchi moja. Bibi alikuwa amekwisha kufungua mdomo kidogo, bila kujua. Shangazi aliingiza mikono yake chini ya kitenge. Elifuraha alikaa ukingoni, akitazama viatu vyake. Alikuwa amevipiga rangi asubuhi, yeye ambaye viatu hakuvijali. Hakuinua uso. Ninavyoona mimi, aliogopa akiinua uso itakuwa ni kama amemwuliza, naye angejibiwa tena.

Sasa subirini, najua mnachotaka kusema. Mara ya mwisho niliposimulia, mtu alisema, "Agawe mara tatu." Hawezi, keki ni ya kijiti kimoja. Mama mmoja akasema, "Ni Bibi. Bila Bibi mdomo usingefunguka, na mdomo usipofunguka Shangazi angeuliza ukuta." Kijana mmoja akamjibu, "Bibi alikaa na siri mwezi mzima huku sikio linaoza! Ni Shangazi aliyeivusha siri ikafika kwa mwenye uwezo." Mzee aliyekuwa kimya akasema, "Siri haiponyi sikio. Aliyeteremka mlima ni nani?" Hapo binti mmoja wa kidato cha tatu akasimama akiwa na hasira: "Na aliyemnyamazisha ni nani? Atapewaje keki ya jeraha alilolitia mwenyewe?" Mzee akamwuliza, "Na aliyelitibu jeraha alilolitia mwenyewe, bila kuambiwa ahsante, tumweke wapi?" Wakaendelea hivyo, wakaniacha nikiwa nimekaa.

Nakijwa akafika mbele ya benchi. Akasimama. Sukari ya keki ikadondoka kidogo kwenye nyasi. Muziki ulikuwa mkubwa, kwa hiyo akageuza kichwa kidogo, akaelekeza sikio la kulia kwenye benchi, kama mtu anayengoja kuitwa jina ili aitike. Hakuna aliyemwita. Wote watatu walikuwa wakingoja yeye aseme.

Nami namwacha hapo hapo, mkono uko njiani. Bibi aliyempa pa kusemea, Shangazi aliyemshika mkono mpaka mlangoni, baba aliyemfunga mdomo kisha akambeba. Nyumbani kwenu nanyi mna mmoja wao, au ndio nyinyi wenyewe. Haya, kijiti kiko mikononi mwenu: mngekuwa Nakijwa, mngemlisha nani?